Kuhesabu Mara ya Pili: Daftari la Mwangalizi, Rwanda, Julai 1995

Jumatatu, 3 Julai. Kigali

Nimekabidhiwa vitu vyangu vya kazi: kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, redio ya mkononi, madaftari mawili, bunda la fomu za mahojiano, tochi, na ramani iliyokunjwa na kukunjuliwa mpaka jina la Nyanza limefutika kwenye mkunjo. Silaha hatuna, wala mwenye silaha hapandi gari letu, hata akiwa askari mgonjwa anayeomba lifti. Kazi yetu ni kufika, kuuliza, kuandika, na kupeleka tulichoandika kwa wenye uwezo wa kufanya jambo.

Ujumbe wetu huu wa waangalizi wa haki za binadamu ni mchanga kama ofisi iliyouzaa. Kamishna Mkuu wa kwanza wa haki za binadamu wa Umoja wa Mataifa, José Ayala Lasso, alianza kazi 5 Aprili 1994. Kesho yake usiku ndege ya Rais Habyarimana ilitunguliwa hapa Kigali. Ofisi yake haikuwa imewahi kuendesha operesheni kama hii popote duniani. Walioanza mwaka jana wananisimulia kwamba walikuwa wachache, hawana magari ya kutosha, wanadandia ya mashirika mengine. Sasa waangalizi wamepita 100, wamesambazwa mikoani. Wapo waliotumwa na Umoja wa Ulaya pamoja na magari yao, na wapo wa kujitolea kama mimi.

Tuna kazi mbili, na ndipo ugumu ulipo. Ya kwanza ni kukusanya ushahidi wa mauaji ya kimbari ya Watutsi ya mwaka jana. Ya pili ni kuangalia kinachotendeka sasa: nani anakamatwa, anawekwa wapi, anarudije nyumbani aliyekimbia. Kwa hiyo asubuhi unaweza kukaa na mama aliyeuliwa watoto wote, na mchana ukaingia gerezani kuuliza kama anayetuhumiwa kuwaua amepata maji ya kunywa. Mkuu wa timu yetu, mama mmoja Msenegali, ametusomea kanuni jioni. Nyingi nilizitarajia. Moja nimeiandika kwenye jalada la daftari kwa herufi kubwa: USIAHIDI.

Jumanne, 4 Julai. Kigali

Leo ni mwaka mmoja tangu RPF, waasi wa zamani wanaotawala sasa, waichukue Kigali. Nimeshinda ndani nikisoma mafaili, huku nikisikia nyimbo kwa mbali.

Mimi ni Mhangaza wa Ngara, Tanzania, mpakani na Rwanda. Kihangaza na Kinyarwanda ni ndugu, kwa hiyo nakisikia Kinyarwanda kama mtu anayesikia redio ya jirani ukutani: maneno mengine yanapotea, habari inafika. Tarehe 28 na 29 Aprili mwaka jana watu wanaokadiriwa kufika 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia wilayani kwetu ndani ya saa 24. Nilikuwepo. Niliona juu ya daraja watu wamebeba magodoro, masufuria na watoto, na chini, kwenye maporomoko ya mto Kagera, nikaona maiti zinazunguka kwenye povu. Wengi wa waliovuka juu walikuwa Wahutu wanaowakimbia RPF. Wengi wa waliopita chini walikuwa Watutsi waliouawa. Kati ya waliovuka juu walikuwemo pia waliowatupa wale wa chini, nao walipewa unga na maharage kwenye kambi ya Benaco, kwenye foleni moja na wengine. Tangu siku ile sijaweza kusikia neno "wakimbizi" au neno "wauaji" kama neno jepesi.

Jumatano, 5 Julai. Gitarama

Tumeondoka alfajiri, watatu: mkuu wa timu, mimi, na dereva wetu Mnyarwanda, mtu wa makamo asiyesema mengi. Barabara ni lami nzuri, inashuka hadi mto Nyabarongo kisha inapanda vilima vya Gitarama. Kiangazi kimeanza, mabonde yana moshi wa majani yanayochomwa. Mashamba mengi yamelimwa vizuri. Katikati yake unaona nyumba haina paa, haina mlango, migomba imezidi ukuta, na wewe huulizi.

Gereza la Gitarama lilijengwa kwa ajili ya watu 400. Wamo karibu 7,000.

Nimeandika namba hiyo, nikaitazama, nikaona haisemi kitu, kwa hiyo nitaeleza. Ua hauna paa. Watu wamesimama, kwa sababu pa kukaa hapapo. Wanapokezana kukaa, wanapokezana kulala, na wasio na zamu husimama usiku kucha. Chini ni tope lililochanganyika na kila kitu. Anayesimama humo peku kwa miezi huanza kuvimba mguu, kisha ngozi inakuwa nyeusi, kisha vidole vinaoza. Niliona mwanamume ameshikilia mguu wake kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mzigo wa mwenzake. Madaktari wa mashirika wamekata miguu mingi hapa. Mamia ya watu wamekufa gerezani humu tangu mwaka jana, na wengi wao hakuna hakimu aliyewahi kusikia kesi yao.

Ndani wanajitawala wenyewe. Mkubwa wao wanamwita kapita. Yeye ndiye aliyetufungulia njia kwa kupiga makofi. Watu walijibana ukutani, sisi tukapita kama maji kwenye mfereji, wakafunga nyuma yetu. Chakula na maji vinategemea sana Msalaba Mwekundu. Nimeuliza watu 12, faraghani kadiri faragha inavyoweza kupatikana mahali ambapo pumzi ya jirani iko sikioni mwako. Kati yao 10 walisema hawana faili. Mmoja, kijana mwenye sauti ya upole, alinieleza bila kuulizwa mara mbili jinsi walivyoua familia tatu pale kwao. Alitaja na saa. Mguu wake nao umeanza kuvimba. Nimeandika yote mawili, kwenye kurasa mbili tofauti, kwa ofisi mbili tofauti.

Usiku nimeosha viatu mara tatu.

Alhamisi, 6 Julai. Komini moja ya kusini

Jina la komini hii, yaani wilaya ndogo ya utawala, sitaliandika hata humu. Daftari linaweza kupotea, na waliomo hawawezi kuhama.

Magereza yanajulikana, yana milango mikubwa, wageni wanafika. Makasho ya komini hayajulikani. Ni chumba nyuma ya ofisi ya burugumesitiri, mkuu wa komini, zamani stoo ya maharage au ya kahawa, na humo ndimo wanamosukumwa wote waliokamatwa vilimani. Tangu kambi za Wahutu waliokimbia makwao huko Gikongoro zifungwe mwezi Aprili na watu kurudishwa makwao, makasho yamejaa. Anayerudi anakutana na jirani, na jirani ananyoosha kidole. Mara nyingi kidole ni cha kweli. Mara nyingine kimenyooshwa kwa ajili ya kiwanja, au mbuzi, au nyumba ambayo mtu mwingine ameshaingia kukaa.

Langoni alikuwepo askari kijana. Mkuu wa timu alimsalimu kwa Kifaransa, akatukazia macho. Nikajaribu Kiswahili.

"Shikamoo, dada," akajibu, uso wote ukafunguka. Amekulia Karagwe, wazazi wake walikimbia Rwanda miaka ya sitini. Akaniuliza bei ya kahawa Kagera, kana kwamba nilikuja kwa ajili hiyo.

Hapa nataka kusema jambo kuhusu Kiswahili, kwa sababu kinanisaidia na kunisumbua kila siku. Jeshi la RPF limejaa watu waliokulia Uganda, Tanzania na Kongo, na Kiswahili ni lugha yao ya kazi. Utasikia "afande" kwenye kila kizuizi cha barabarani, na watoto waliofuata jeshi wanaitwa kadogo. Kwa hiyo kinafungua malango. Lakini juzi mama mmoja njiani alisikia nikizungumza na dereva, akaweka kikapu chini na kukunja mikono kifuani, akingoja aamriwe. Kwake Kiswahili ndiyo sauti ya mwenye bunduki. Tangu hapo kwa wanawake wa vilimani naanza kwa Kinyarwanda changu kibovu, wanacheka, halafu tunaendelea.

Burugumesitiri ni mtu aliyechoka. Yeye mwenyewe amepoteza ndugu, ana polisi wawili, hana gari. Alitupa daftari la kasho: majina 64.

Nikaomba tuhesabu. Ukiingia ndani huwezi kuhesabu, watu wamepandana, unahesabu vichwa unachanganya. Njia ni moja: wanatoka mmoja mmoja uani, kila mtu anataja jina lake, la baba yake, kilima chake, siku aliyokamatwa na aliyemkamata. Ilichukua saa tatu na nusu. Nilipima chumba kwa hatua zangu kikiwa kitupu: nne kwa tano. Dirisha moja, kubwa kidogo kuliko daftari hili.

Walitoka 71. Saba hawamo katika kitabu cha komini. Kwa karatasi, watu hao saba hawajakamatwa na mtu yeyote. Wakifa usiku huu, hakuna aliyekufa.

Nilimwonyesha burugumesitiri majina hayo saba. Hakukasirika. Alisema polisi waliwaleta usiku, kalamu haikuwepo. Nikamwachia kalamu yangu moja.

Kati ya wale 71 wawili wamebaki kichwani mwangu.

Mmoja ni mtoto. Anasema ana miaka 12, na ukimwangalia mikono unaamini. Sheria ya Rwanda haimhesabu aliye chini ya miaka 14 kuwa na kosa la jinai. Nilimuuliza anatuhumiwa nini. Akasema mjomba alimpa rungu abebe, akalibeba. Nikamuuliza baada ya hapo nini kilitokea. Akatazama miguu yake, nikaacha.

Wa pili ni mzee aliyekuwa amekaa na huyo mtoto chini ya dirisha. Aliposikia nikizungumza na askari alingoja zamu yake, na ilipofika akaongea nami kwa Kiswahili cha kale, kizito, kile cha mashamba ya mkonge. Ujana wake alikuwa manamba Tanga. Hakuhitaji mkalimani, na polisi aliyesimama karibu hakuelewa neno. Alinieleza kwamba alirudi kutoka kambini mwezi Aprili, akakuta nyumba yake ina watu, akaenda kudai, kesho yake akakamatwa. Je, alifanya jambo mwaka jana? Alisema hapana. Sijui, na si kazi yangu kuamua. Kazi hiyo ni ya mahakama ambayo bado haijaanza.

Mwisho aliniuliza: "Utarudi, mama?"

Nilikumbuka jalada la daftari. Nikasema nitajitahidi.

"Aliyekuja kabla yako naye alijitahidi," akasema, akarudi ndani.

Ijumaa, 7 Julai. Butare

Siku nzima ofisini kwa waendesha mashtaka wa mkoa mmoja. Hawana mashine ya chapa, wana kabati lisilofungika. Kabla ya vita nchi ilikuwa na majaji na mahakimu 750 hivi. Waliobaki hai nchini ni 244, wengine wameuawa, wengine wamekimbia, na baadhi wamo magerezani wakituhumiwa. Mahabusi wa nchi nzima wamekwisha kupita 40,000. Piga hesabu mwenyewe.

Jumamosi, 8 Julai. Gikongoro na Kibeho

Kutoka Butare tumefika Gikongoro mapema, tukaipita Murambi, shule ya ufundi pale kilimani ambako maelfu waliuawa 21 Aprili mwaka jana. Dereva alipunguza mwendo, akavua kofia, hakusema kitu. Kisha barabara ya vumbi, kona juu ya kona, mpaka Kibeho.

Kila Mkatoliki wa upande wetu alijua jina la Kibeho kabla ya haya yote. Mwishoni mwa 1981 wasichana wa shule hapa walisema wamemwona Bikira Maria, na mahujaji wakaanza kuja, hata kutoka Ngara. Shangazi yangu alikuja kwa miguu na basi, akarudi na chupa ya maji iliyokaa juu ya kabati miaka mingi. Aprili 1994 Watutsi walikimbilia kanisani hapa, wakazingirwa, wakauawa kwa maelfu, na kanisa likachomwa moto likiwa na watu. Ukuta bado mweusi. Baadaye, baada ya Wafaransa kuweka eneo lao la ulinzi na kuondoka, vilima hivi hivi vikawa kambi ya Wahutu waliokimbia, wakipiga hema na kupika kuzunguka kanisa hilo hilo.

Leo ni wiki 11 kamili tangu Jumamosi ya 22 Aprili. Serikali ilitaka kambi ifungwe, ikisema wauaji wamejificha humo, na kweli walikuwemo. Tarehe 18 jeshi liliizingira. Watu wapatao laki moja walisongwa kwenye kilima kimoja, siku nne, maji hakuna, choo hakuna. Jumamosi mvua kubwa ikanyesha, watu wakasukumana kutafuta pa kujikinga na pa kutokea, risasi zikapigwa ndani ya umati, na waliokimbilia bondeni wakafuatwa na risasi. Askari wa Zambia wa Umoja wa Mataifa walikuwepo, na madaktari na askari wa Australia walikuwepo. Waaustralia walianza kuhesabu maiti, mmoja mmoja, na walikuwa wamepita 4,000 walipozuiwa kuendelea. Serikali ilitangaza 338.

Nimetembea juu ya kilima. Nyasi zimeanza kuota. Chini yake bado kuna vikombe vya plastiki, kandambili za mtoto, kipande cha turubai la buluu, mkeka. Nimepata kisahani cha bati kilichotobolewa na risasi, nimekirudisha palepale.

Kati ya 338 na 4,000 kuna watu. Nimesimama pale nikiwaza jambo hili tu. Tunagombana juu ya tarakimu kana kwamba ni hesabu ya shule, kumbe tofauti ya hesabu mbili ni akina mama fulani na watoto fulani ambao upande mmoja unasema walikufa na mwingine unasema hawakuwepo. Na ndani ya kanisa lile kuna wa mwaka jana, ambao kwa wiki nyingi dunia ilikataa hata kuwatajia jina la kilichowapata. Aliyeanza kuhesabu alifanya kazi ya haki, hata kama alizuiwa katikati.

Jumapili, 9 Julai. Karibu na Butare

Baada ya misa mama mmoja alinifuata nje. Mjane, pengine ana miaka 40. Mkalimani wetu alikuwa mapumziko, nikamwambia tuongee polepole. Akanipeleka kwake, akanikalisha kwenye stuli pekee iliyopo, yeye akakaa mkekani.

"Nasikia mnawahesabu wale wa kasho," alisema. "Mnawauliza kama wamekula."

Nikasema ndiyo.

"Wangu walikuwa 14. Wao nani aliwauliza kama wamekula?"

Sikuwa na jibu na sikutafuta. Nikamwomba kama yuko tayari tuwaandike. Alikuwa tayari tangu mwaka jana, hakuna aliyemwomba. Tulikaa hadi jua likapinda. Mume, watoto watano, mama mkwe, shemeji wawili na wake zao, watoto watatu wa shemeji. Alisema kila jina mara mbili ili nisikosee. Alitaja waliokuja, waliosimama njiani, na mmoja aliyemficha yeye kwenye shimo la ndizi siku sita na ambaye hataki kumtaja kwa sababu anaishi kati ya ndugu wa wauaji.

Karatasi hizi zitakwenda kwa wenzetu wa uchunguzi maalumu, na kutoka hapo kwa waendesha mashtaka wa Mahakama ya Kimataifa iliyoundwa Novemba iliyopita, itakayokaa Arusha. Akaniuliza Arusha ni mbali? Nikamwambia ni nchini kwetu, ni mbali, na hakuna kesi iliyoanza bado. Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama nimeandika la mtoto wa mwisho, aliyekuwa bado hajabatizwa. Nilikuwa nimeandika "mtoto mchanga". Akanipa jina, nikafuta, nikaliandika.

Jumatatu, 10 Julai

Pancha mbili, jeki mbovu. Hatukufika popote.

Jumanne, 11 Julai. Komini ile ile

Tumerudi bila taarifa. Mkuu wa timu anasema ziara ya kwanza ni utambulisho, kazi ni ya pili, kwa sababu mara ya kwanza wanakuonyesha walichonacho na mara ya pili wewe unajua cha kutafuta. Leo nimeelewa.

Uani, mmoja mmoja, jina, baba, kilima. Wametoka 69.

Kwanza nikafurahi, wamepungua. Halafu nikalaza orodha ya Alhamisi kando ya ya leo na kuanza kutia alama. Wapya ni wanne. Kwa hiyo walioondoka si wawili, ni sita. Anayehesabu vichwa bila majina angeandika "hali imeboreka kidogo" na kupanda gari.

Wale saba waliokuwa nje ya kitabu sasa wamo, na wino ni wa kalamu yangu, naujua. Jambo hili dogo lilinipa nguvu ya kuuliza mengine.

Watatu kati ya sita wamehamishiwa gereza la Gitarama, na hati ya uhamisho ipo. Nikawaza ule ua, nikaandika. Mwanamke mmoja ameachiliwa, hati ipo, na mumewe tulimkuta njiani akathibitisha. Mtoto amepelekwa Gitagata, kituo cha Bugesera kilichotengwa kwa watoto waliokuwa chini ya miaka 14 wakati wa mauaji. Hati haipo, alichukuliwa na gari, burugumesitiri hakumbuki la nani. Wa sita ni mzee wa Tanga.

"Huyo ameachiliwa," burugumesitiri alisema. "Amekwenda kwake."

Hati? Haikuandikwa. Siku gani? Juzi, au Ijumaa.

Hakuniangalia aliposema, lakini na mimi kwa siku hizi nane nimejifunza kwamba mtu aliyechoka haangalii watu machoni hata akisema kweli. Kwa hiyo tulipanda hadi kilima chake. Nyumba anayoidai ina watu, nguo zimeanikwa. Hawajamwona. Kwenye kibanda cha jamaa yake, mama mmoja alikuwa akipepeta mtama, akaendelea kupepeta. Nikamsalimu kwa Kihangaza. Mikono ikasimama.

"Hajafika," alisema. Halafu, kwa sauti ya chini sana: "Usiulize tena hapa. Wakiona gari, watatuuliza sisi."

Tukaondoka mara moja. Gari letu jeupe linaonekana kutoka vilima vitatu. Ndivyo kazi hii ilivyo: kuonekana kwetu kunamlinda mtu fulani, na kunamwonyesha mwingine.

Jumatano, 12 Julai. Kigali

Ripoti. Kikao kirefu. Homa kidogo.

Alhamisi, 13 Julai. Gitagata, Bugesera

Ng'ambo ya Nyabarongo tena, upande wa kusini, nchi inakuwa tambarare na kavu kuliko kwingine kote nilikopita. Kituoni kuna mabweni, shamba, watoto wengi wanaotazama gari bila kukimbilia kama watoto wa kwingine wanavyokimbilia.

Jina lake halikuwemo katika orodha. Msimamizi, mtu mwungwana, alinisomea yote, mara mbili. Ndipo nikamwomba orodha niisome mwenyewe. Jina la baba limeandikwa kama ndilo lake, komini imeandikwa ya jirani, na umri 13. Ni yeye. Mama yake akija kumtafuta kwa jina alilompa, ataambiwa hayupo. Msimamizi alisahihisha palepale.

Walimwita kutoka kisimani. Amepewa kaptula mpya, kubwa mno, ameifunga kwa kamba. Alinitambua. Tulikaa chini ya mwembe, mbali na wengine, kwa Kinyarwanda changu kibovu, na safari hii hakucheka.

Nilimuuliza analala wapi, anakula nini, kuna anayempiga. Akajibu vizuri. Kuhusu mzee sikumuuliza. Kanuni ni kwamba mtoto humtwishi swali ambalo jibu lake linaweza kumrudia. Nilikuwa nimekwisha kufunga daftari.

"Mzee aliniachia dirisha," alisema.

Nikangoja.

"Usiku walifungua mlango, wakamwita jina. Wawili. Akaniambia, kaa hapa kwangu, usiende katikati, katikati watakukanyaga. Hakurudi. Asubuhi nikawa bado niko dirishani."

Usiku gani? Alihesabu kwa vidole kuanzia siku tuliyofika sisi. Kidole cha pili.

Nikamwuliza kama kuna mtu mwingine amemwambia haya. Hapana. Nikamwambia asimwambie. Sikuandika chochote mbele yake, wala mbele ya msimamizi. Niliandika garini baada ya kuvuka mto, bila jina la mtoto, bila neno Gitagata, bila neno dirisha, kwa sababu ni mtu mmoja tu angeweza kulijua dirisha hilo.

Jioni tumekaa na mkuu wa timu. Taarifa inakwenda usiku huu kwa mkuu wa operesheni ili aipeleke juu, kwa wizara na kwa jeshi. Sisi tunarudi komini kesho alfajiri. Swali lilikuwa tutamuulizaje burugumesitiri habari za mzee bila yeye kujiuliza nani katuambia. Tukikazania jina moja, watatafuta mdomo uliolitoa, na waliolala karibu na mzee yule si wengi.

Tumeamua hivi. Nitabeba orodha nzima ya Alhamisi ya kwanza, majina 71. Nitayasoma yote kwa sauti ile ile, kwa mwendo ule ule, na kwa kila jina nitauliza maswali yale yale matatu: yuko wapi, alitoka siku gani, hati iko wapi. Mzee ni wa 38. Nikifika kwake sitainua macho, nitauliza, nitaandika jibu, nitaendelea na wa 39.

Dereva amejaza mafuta. Tunaondoka saa kumi na moja.